Mchezo wa Herufi Waweza Kumfaa Mwanafunzi

Mtoto aliyesoma nchini Kongo kwa Kifaransa, na kuzungumza Kiswahili nyumbani, mara nyingi hurudishwa madarasa ya chini anapoingia shule za Uganda. Si kwamba hajui hesabu wala sayansi, bali Kiingereza ndicho kinachomzuia. Jambo hili limewapata watoto wengi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Oruchinga, yaliyoko Isingiro, wilaya iliyomegwa kutoka Mbarara. Nakivale ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, na Oruchinga mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walianza kuja watu kutoka Rwanda. Baadaye wakafuata wengine, wakiwemo wa Burundi na Kongo. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Uganda hufanywa kwa Kiingereza, na mtoto asiyekimudu huachwa nyuma hata akiwa na akili nyingi.

Mzazi asiye na fedha za kumlipa mwalimu wa ziada hana budi kutafuta njia nyingine. Mojawapo ni mchezo wa kuunda maneno kwa herufi, ujulikanao kwa jina la Scrabble. Mchezo huu ulibuniwa katika miaka ya 1930 na Mmarekani Alfred Butts, msanifu wa majengo aliyekuwa amekosa kazi. Butts alihesabu herufi katika magazeti apate kujua zipi hutumika sana na zipi ni adimu. Ndiyo maana E ina vipande 12, kila kimoja alama 1 tu, ilhali Q na Z zina kipande kimoja kimoja chenye alama 10.

Vipande vya nyumbani

Si lazima kununua. Boksi la sabuni, mkasi na kalamu vyatosha kutengeneza vipande 100. E huandikwa mara 12. A na I mara 9 kila moja. O mara 8. N, R na T mara 6. D, L, S na U mara 4. G mara 3. B, C, F, H, M, P, V, W na Y mara 2. J, K, Q, X na Z mara moja tu. Vipande viwili huachwa vitupu, navyo husimama mahali pa herufi yoyote. Kila mchezaji huchukua vipande saba bila kuvitazama.

Namna ya kutafuta maneno

Mchezaji hodari habahatishi. Kwanza, huzigeuzageuza herufi zake. A, E na T hutoa EAT, yaani kula. ATE, yaani alikula. Na TEA, yaani chai. Pili, hutazama mianzo na miisho ya maneno: PLAY huzaa PLAYER, PLAYED, PLAYING na REPLAY. Tatu, huyapanga maneno kwa makundi ya herufi zenye taabu. Katika Kiswahili neno husomwa kama lilivyoandikwa, lakini katika Kiingereza K haisikiki kabisa katika KNEE, KNIFE wala KNOW. Mtoto anayeyaweka maneno hayo katika kundi moja huyakumbuka siku ya imla. Vivyo hivyo Q, ambayo haimo katika maandishi ya Kiswahili, karibu kila mara hufuatwa na U: QUEEN, QUICK, QUIET.

Mtoto aliyetoka Kongo haanzi mikono mitupu. TABLE, ORANGE, FRUIT na IMAGE huandikwa sawasawa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Kinachobadilika ni matamshi. Lakini ajihadhari, kwani PAIN kwa Kifaransa ni mkate, na kwa Kiingereza ni maumivu. Kiswahili nacho kimo: SAFARI, ASKARI, BWANA na PANGA yamo katika kamusi kubwa za Kiingereza na huhesabiwa mchezoni.

Herufi bila maana

Ipo hatari moja. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alikuwa bingwa wa mchezo huu kwa Kifaransa, ingawa hakuweza kukizungumza. Alikuwa amekariri maneno jinsi yalivyoandikwa. Mwaka huohuo Wellington Jighere wa Nigeria alitwaa ubingwa wa dunia kwa Kiingereza mjini Perth, Australia, akawa Mwafrika wa kwanza kuupata. Ushindi wa Richards ulikuwa wa ajabu, lakini kukariri kwa namna hiyo hakutamsaidia mwanafunzi ambaye kesho ataulizwa swali na mwalimu, akatakiwa kujibu.

Kwa sababu hiyo yafaa nyumbani iwekwe sheria moja zaidi: neno halipewi alama mpaka aliyeliweka aeleze maana yake kwa Kiswahili, kisha alitumie katika sentensi ya Kiingereza. Akishindwa, huondoa vipande vyake na zamu humpita. Hata mzazi asiyejua Kiingereza aweza kuwa mwamuzi. Hushika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, akalitafuta neno herufi kwa herufi, akasoma maana yake mbele ya watoto. Nusu saa kila jioni, baada ya chakula, yatosha. Na huenda baada ya muda mzazi mwenyewe akaomba apewe vipande saba.