Kuazima mazoea ya waandishi, kupata njia yako

Kila mwaka, katika promosheni zetu, kuna wanafunzi wanaofaulu mitihani yote kisha wanakwama mbele ya kazi ya kumaliza masomo. Vitabu wamesoma, madondoo wanayo, lakini ukurasa haujai. Wengine hukata tamaa na kusema hawana kipawa. Mara nyingi kinachokosekana ni njia ya kufanya kazi, na njia hiyo tunaweza kujifunza kwa waandishi waliotutangulia.

Kosa la kawaida ni kuiga mazoea ya mwandishi bila kuuliza yalimtatulia shida gani. Toni Morrison wa Marekani alikuwa mhariri katika shirika la uchapishaji, tena akilea watoto wawili. Ndiyo maana alizoea kuandika kabla ya mapambazuko, watoto wangali wamelala. Mimi niliposoma habari hiyo, nilianza kuamka saa kumi za usiku. Lakini katika lupango letu, saa hiyo ndoo za maji zinagongana na majirani wanaitana. Wiki ilipita bila kurasa mbili. Baadaye nilielewa kwamba saa yenyewe haikuwa na siri yoyote: Morrison alitafuta wakati ambao hakuna mtu wa kumwita. Mimi wakati huo niliupata saa nane mchana, katika darasa tupu.

Mfano wa pili uko karibu nasi. Sony Labou Tansi, aliyezaliwa Kimwanza mwaka 1947 na kuishi ng'ambo ya mto, Kongo-Brazzaville, aliandika kwa mkono katika madaftari, na kazi moja aliweza kuiandika upya toka mwanzo. Riwaya yake L'État honteux ilitoka 1981; toleo lake la awali, Machin la Hernie, lilichapishwa 2005, miaka kumi baada ya kifo chake. Anayesoma yote mawili anaona kwamba rasimu ya kwanza haidaiwi kuwa nzuri, inadaiwa kuwepo. Na daftari halizimiki umeme unapokatika.

Wa tatu ni mtoto wa Lubumbashi, Fiston Mwanza Mujila, mwandishi wa Tram 83 (2014). Ujanani alitamani kupiga saksofoni, na maandishi yake huyasoma jukwaani kwa sauti kama mpiga muziki. Hata sisi tunaoandika insha za isimu tunaweza kuazima sikio lake: sentensi inayokukatisha pumzi ukiisoma kwa sauti itamchosha msomaji pia.

Basi tufanyeje? Kwanza, taja shida yako kwa neno moja: wakati, woga wa kuanza, au sentensi nzito. Pili, tafuta mwandishi aliyekutana na shida hiyohiyo, uazime zoea moja tu. Tatu, lijaribu kwa wiki mbili, ukiandika kila siku katika daftari ulianza saa ngapi na umepata mistari mingapi. Mwishoni, hesabu hiyo ndiyo itakayoamua: zoea lililozaa mistari libaki, lisilozaa lirudishwe kwa mwenyewe bila aibu.

Walimu wetu nao wangetusaidia sana kama siku moja wangetuonyesha rasimu zao zilizojaa mistari iliyokatwa. Tumezoea kuona makala zao zikiwa zimekamilika, tukadhani zilizaliwa hivyo.