Likasi: Programu za bure za kuchora skema, ipi inafaa kompyuta yako?

Mwanafunzi wa metalurjia mjini Likasi anayeandika kazi ya mwisho wa masomo lazima achore skema: madini yanaingia wapi, yanasagwa wapi, shaba inatokea wapi. Visio ya Microsoft ni ya kulipia, na nakala za wizi zinazopita kwa fulashi zinaweza kuleta virusi.

Kwetu mega ni ghali, kwa hiyo swali la kwanza ni hili: programu inafanya kazi bila intaneti? draw.io ya kompyuta, ukiisha kuipakua, inafanya. Ni ya bure, ina Kifaransa, ina alama za pampu, tanki na nyaya za umeme. Ila ni nzito, na matoleo mapya yanadai Windows 10 kwenda juu.

Kompyuta iliyochoka ipewe Dia: sura yake ni ya zamani, lakini ni nyepesi. Mwenye LibreOffice anayo Draw tayari, inatosha skema ndogo.

Hifadhi kila dakika chache, umeme unakatika bila kubisha hodi. Mwalimu anayeongoza kazi mpelekee PDF, maana kompyuta yake huenda haina programu uliyotumia.