Picha juu ya picha: kwa nini kitazamio cha kamera hakisemi yote?

Bwana harusi amesimama ufukweni. Mpiga picha anampiga picha ya kwanza, kisha anaelekeza kamera kwenye minazi ili makuti yajae ndani ya umbo lake. Kwenye kitazamio mambo yanapendeza. Anapofungua picha iliyokamilika, uso umefifia na makuti hayaonekani vizuri. Harusi hairudiwi. Kosa liko wapi?

Tuanze na kamera yenyewe. Kamera ya dijitali yenye kioo ndani huonyesha mandhari halisi kupitia lenzi, kwa hiyo picha ya kwanza haionekani kwenye kitazamio chake. Kamera isiyo na kioo ina skrini ndogo ndani ya kitazamio. Nyingi huweza kuonyesha picha ya kwanza kama kivuli juu ya mandhari unayotaka kupiga.

Kivuli hicho hutusaidia kupanga vitu mahali pake, lakini kina mipaka mitatu.

Kwanza ni mwanga. Ukijumlisha picha mbili zenye mwanga wa kutosha, unapata mwanga mara mbili ya unaotakiwa. Ndiyo maana kila moja hupunguzwa hadi nusu. Baadhi ya kamera za Canon hupunguza zenyewe ukichagua njia ya wastani. Ukichagua ya kujumlisha, kazi hiyo ni yako. Unachokiona kabla ya kubonyeza si lazima kilingane na matokeo.

Pili ni fokasi. Picha mbili zikilaliana, ni vigumu kujua ukali unaouona ni wa ipi. Weka fokasi kwanza, ndipo upange picha.

Tatu ni idadi. Fujifilm X-T3 ya mwaka 2018 ilitoka ikiunganisha picha mbili. X-T4 ya mwaka 2020 huunganisha hadi tisa. Lakini kila picha inayoongezeka huzidisha msongamano machoni.

Tunashauri ukumbuke kanuni moja: katika kujumlisha, sehemu yenye giza hupokea picha ya pili, yenye mwanga mkali huimeza. Bwana harusi wetu angesimama jua likiwa mgongoni, awe umbo jeusi, makuti yangekaa ndani yake.

Na kama kamera yako inaruhusu, hifadhi pia kila picha peke yake. Muunganiko ukiharibika, utaunganisha upya kwenye kompyuta.