Watoto wa paka ndani ya depo: tufanye nini nao?



Kila mwisho wa msimu, komite ikianza kupanga magunia ndani ya depo, kuna swali moja linaturudilia, hasa kutoka Aru, Mahagi na Djugu. Nyuma ya magunia ao juu ya dari wamekuta paka amezaa. Si paka wa mtu. Ni wale wanaokua wenyewe, hawashikwi, wakiona mtu wanakimbia. Watoto ni wanne, watano. Hapo memba wanagawanyika. Mmoja anasema watupwe mbali. Mwingine anasema wabaki wote, panya watakwisha. Wa tatu, na mara nyingi ni yule anayechunga ufunguo, anasema aweke tu sumu, itamaliza panya na paka pamoja.

Tunaanza na huyo wa tatu, juu shauri lake ndilo lenye hatari zaidi.

Sumu nyingi za panya zinazouzwa sokoni haziui palepale. Panya akikula leo, anaweza kuzunguka siku tatu, ine, ao zaidi, anaregea kidogo kidogo. Panya wa namna hiyo ndiye rahisi kwa paka kukamata. Mama paka akila wengi, naye anakufa, na watoto wake wanafia ndani ya dari pale msipofika mkono. Kisha mnabaki na harufu, nzi, na panya waliopona. Tena sumu karibu na maharagi ya chakula na mbegu za msimu ujao, sisi hatuikubali hata kama hakuna paka.

Kwa Ituri kuna neno lingine. Huku kwetu ugonjwa wa tauni, ule wengi wanaouita pesti, haujaisha. Unaletwa na viroboto vya panya. Panya akikufa, viroboto vinamwacha na kutafuta damu nyingine, na mtu aliye karibu ni zamu anayelala mlangoni. Ndiyo maana waganga wanashauri viroboto viuliwe kwanza, panya baadaye. Mkikuta panya wamekufa wengi bila mtu kuweka sumu, msiguse, msifagie. Fungeni depo na mwite kituo cha afya siku ileile. Paka pia anapata tauni akila panya mgonjwa. Paka mwenye homa, aliyevimba chini ya taya ao shingoni, asibebwe na mtoto wala mkubwa.

Sasa turudi kwa wale watoto wenyewe.

Kwanza msiwanyanyue. Mama hayuko, lakini hiyo haina maana amewaacha. Paka mwenye watoto anatoka kuwinda saa nyingi, na mkisimama pale na taa mkizungumza kwa sauti, hatarudi mpaka mtoke. Mwageni majivu kidogo chini, kando ya kiota, mfunge mlango lakini mwache tundu analopitia. Asubuhi angalieni nyayo. Kama amepita, watoto wana mama, na kazi yenu imepungua nusu. Pangieni magunia upande mwingine kwanza. Mara nyingi yeye mwenyewe akisumbuliwa kidogo anawabeba mmoja mmoja kwa shingo na kuwahamisha, na shauri limekwisha bila kikao.

Kisha angalieni umri. Mtoto ambaye macho bado yamefungwa hajamaliza siku kumi hivi. Akiwa macho wazi lakini anatembea kama mlevi, ana juma mbili ao tatu. Akikimbia na kucheza na wenzake, amefika juma ine ama tano, na hapo anaanza kuonja nyama. Kwa juma nane anaweza kuishi bila maziwa ya mama.

Umri huo ndio unaoamua kila kitu. Kati ya juma mbili na juma saba hivi, mtoto wa paka anajifunza nani ni rafiki na nani ni adui. Akizoea mikono ya watu wakati huo, atakuwa paka wa nyumba. Ukimchukua akiwa na miezi mine, atakula ndakala zako na kukuparua. Kwa hiyo tunashauri hivi: waache na mama mpaka juma tano ao sita, lakini kuanzia juma ya tatu mtu mmoja, mtulivu, awe anafika kila siku, anakaa karibu, anawatilia chakula kidogo. Mtu mmoja, si kundi la watoto wa shule.

Na mama akikufa kweli? Hapa hatutaki kudanganya mtu. Mtoto wa macho yaliyofungwa anadai maziwa kila saa mbili ao tatu, mchana na usiku, na maziwa ya ng'ombe yanamharisha. Sisi tunaona ni wachache watakaoweza kazi hiyo wakati wa mavuno. Kama kuna paka mwingine kijijini anayenyonyesha, mara nyingi atawapokea. Jaribuni huko mbio. Kama hakuna, mwite munganga wa nyama awamalize bila mateso. Kuwatia ndani ya gunia na kutupa mtoni, ao ndani ya choo, si njia.

Yeyote anayewashika atumie kitambaa kinene. Mama ao mtoto akiuma, ao akiparua mpaka damu, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha kituo cha afya siku hiyo. Msingoje kuona kama paka atakuwa wazimu. Kichaa cha mbwa kinapita kwa paka pia, na dalili zikisha kuonekana kwa mtu, dawa haimponyi tena.

Swali la wangapi wabaki ndilo linaloleta ubishi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano tu, hata mine. Anabeba mimba miezi miwili na siku chache, na kwa mwaka anaweza kuzaa mara mbili ao zaidi. Mkiacha majike watatu leo, mwaka kesho mnahesabu paka kama magunia. Tuseme wazi: kwa depo moja, paka mmoja anatosha, wawili kama depo ni kubwa. Wengine wagawiwe kwa nyumba za memba, hasa wale wenye ghala la mahindi nyumbani. Kama veterineri wa territoire anaweza kuhasi, muombeni. Dume ni kazi ndogo. Jike ni upasuaji, lakini jike ndiye anayeleta hesabu. Na siku kampeni ya chanjo ya mbwa inapofika, pelekeni na paka waliofikisha miezi mitatu.

Huyo paka wa depo asilale ndani. Alale nje, chini ya paa, ndani ya kartoni yenye gunia kuukuu. Ndani ya depo atajisaidia juu ya nafaka, na mnunuzi akikuta mavi ya paka ndani ya mahindi atakata bei kama vile angekuta ya panya. Mavi ya paka yanaweza pia kubeba mdudu anayeharibu mimba. Kwa hiyo mama mwenye mimba asisafishe pale, na wote wanaochambua maharagi wanawe mikono. Mumpe paka chakula kila siku. Watu wanasema paka akishiba hawindi; si kweli. Anawinda tu, ila aliyeshiba habaki mbali na nyumba, na haibi nyama ya jirani.

Lakini paka si kufuli. Anakamata panya wadogo na watoto wa panya. Yale mapanya makubwa, mara nyingi anayaangalia tu yakipita. Depo yenye matundu itabaki na panya hata mkiwa na paka kumi. Pale kalamu ya biki inapopita, panya mdogo anapita. Zibeni kwa simenti ao bati, wekeni magunia juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi mtu apite na ufagio, na kateni matawi yanayogusa paa. Kwa ghala za nguzo, zungusheni bati kwenye kila nguzo. Mitego inafaa kuliko sumu. Tegeni usiku, toeni asubuhi.

Kuna wanaosema paka mweusi ni wa wachawi, na kwa ajili hiyo anauawa. Hatutabishana na mzee wa mtu hapa. Ila tumeona kwamba akitolewa kwa nyumba moja inayomtaka, mbele ya komite, maneno yanapungua. Kuna pia wanaomla. Komite iseme mapema kwamba paka wa depo ni mali ya kooperative, kama vile mizani.

Ndani ya daftari ya depo, andikeni tarehe mliyowakuta, idadi yao, nani amechukua yupi na lini atamchukua. Chagueni tangu sasa mtu wa kumtilia chakula huyo atakayebaki, na mfuko gani utalipa ndakala zake. Kwa kikao cha mwezi unaofuata, mtu huyo atoe habari: paka yuko, panya wako wangapi mitegoni, ni gunia gani limetobolewa.