Banda Moja, Wageni wa Nchi Nyingi

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo tunajenga banda la ndege, na tunalijenga kwa mdomo, bila msumari hata mmoja. Tukilimaliza vizuri hapa barazani, siku mtakayopata mbao na waya mtajua pa kuanzia.

Mahali petu ni uani, upande ambao ukuta unakinga upepo. Tupime hatua sita kwa urefu na mbili kwa upana. Mbona refu namna hiyo? Kwa sababu ndege wadogo hawapai wima. Huruka kwenda mbele, kutoka tawi hadi tawi, na safari hizo ndizo zinazoyapa mabawa nguvu. Kizimba chembamba kilichopanda juu kinapendeza macho ya watu, ila ndege aliyemo hana pa kwenda.

Sasa waya. Ule wa matundu makubwa tuwaachie kuku. Panya mdogo anapita humo, na nyoka mwembamba naye anapita. Akishameza ndege tumbo linavimba, hawezi tena kutoka, na asubuhi mnamkuta kajikunja ndani. Sisi tunataka matundu yasiyozidi robo inchi. Chini tunauzika waya kiasi cha futi moja, maana panya hachoki kuchimba. Sehemu ya paa tunaiezeka bati, sehemu tunaiacha jua lipite. Sahani za chakula na maji zikae chini ya bati, kwa kuwa kunguru na njiwa wapitao juu hudondosha vinyesi, na vinyesi hubeba magonjwa.

Milango ni miwili. Unafungua wa kwanza, unaingia kwenye kijichumba, unaufunga nyuma yako, ndipo unafungua wa pili. Ndege atakayekupita kichwani ataishia kijichumbani humo.

Hodi! Mgeni wa kwanza huyo.

Asili yake ni nyika kavu za Australia. Wafugaji wengi humwita finchi milia, na uzito wake ni gramu 12 hivi. Dume ana mashavu ya rangi ya chungwa, mistari myeusi kifuani na madoa meupe ubavuni. Jike kavaa kijivu, mdomo tu ndio wenye rangi. Sauti yao ni ya kitarumbeta cha plastiki cha mtoto. Anayeimba ni dume, na wimbo kafundishwa na baba yake: kifaranga husikiliza, hujaribu, hukosea, hurudia, mpaka siku moja anaupata. Huko kwao mvua haina ratiba. Ikinyesha na nyasi zikazaa mbegu, hutaga upesi kabla ukame haujarudi. Ndiyo maana hata bandani, chakula kikiwa tele, hangoji msimu. Mama na baba huatamia kwa zamu, na baada ya wiki mbili hivi mayai yanaanguliwa. Hapendi kukaa peke yake, kwa hiyo tunamkaribisha na wenzake.

Mgeni wa pili ni kanari, jamaa wa chiriku wetu. Kwao ni Visiwa vya Kanari, katika bahari iliyo magharibi ya Morocco, pamoja na Madeira na Azores. Mabaharia walimpeleka Ulaya karne nyingi zilizopita, na tangu hapo watu wamemfuga kwa ajili ya sauti. Yule wa mwituni ana rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu na manjano. Manjano matupu mnayoyaona kwenye picha ni kazi ya wafugaji, waliochagua wazazi kizazi baada ya kizazi.

Huyu aliwahi kufanya kazi ngumu. Kwa miaka mingi wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walishuka naye migodini, mpaka mwaka 1986 mitambo ilipoanza kushika nafasi yake. Mle chini hutokea hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mwili wa ndege hupokea oksijeni anapovuta pumzi na anapoitoa pia, basi sumu ikiwamo humwingia haraka kuliko binadamu. Kanari akiyumba na kuanguka, wachimbaji walijua wana dakika chache za kukimbia. Sasa fikirini: hewa hiyohiyo hutoka kwenye jiko la mkaa. Jiko la nyumbani lisiwekwe karibu na banda, hata usiku wa baridi mtakapowaonea ndege huruma.

Wa tatu hakai tawini. Ni kware wa Kijapani, na dunia yake ni sakafu. Nchini Kenya watu wengi walimkimbilia karibu na mwaka 2013 kwa ajili ya mayai yake. Sisi tunamtaka kwa kuwa anatumia mahali ambapo wenzake hawapatumii. Mwekeeni mchanga mkavu wa kuogea na majani ya kujifichia. Ana tabia moja ya kuangaliwa: akishtuka haendi mbele, anaruka wima kwa nguvu zote. Dari ikiwa chini atajipasua kichwa. Na mbegu zinazodondoka kutoka juu ataziokota, lakini msimfanye mla masazo. Anahitaji sahani yake mwenyewe, yenye chakula cha kujenga mwili.

Kitendawili!

Tega!

Sahani yangu imejaa pomoni, na wageni wangu wanalala njaa.

Mnashindwa? Basi nipeni mji, niwape jibu. Ni makapi. Mtazameni finchi anavyokula uwele. Anachukua punje moja, anaizungusha kwa ulimi ndani ya mdomo, ganda linapasuka na kudondoka pembeni, kiini kinamezwa. Ganda hilo mara nyingi huangukia sahanini. Baada ya siku nzima sahani imefunikwa makapi mpaka juu, na mtoto akichungulia kwa mbali anasema, "Bado kimo." Hakimo. Ndege mdogo hana akiba kubwa mwilini, na siku moja tu ya njaa inaweza kumuua. Kila asubuhi, puliza sahani. Yanayopeperuka ni makapi, yanayobaki ndiyo chakula.

Chakula chenyewe tunacho huku kwetu: uwele, ulezi, mbegu za nyasi, na mchicha uliooshwa vizuri. Ukienda pwani, okota ule ufupa mweupe wa dome unaoletwa na maji. Osha, anika, tundika wayani. Majike watautafuna, maana ganda la yai linahitaji chokaa. Parachichi msiwape kabisa. Kwa ndege ni sumu.

Na viota? Jozi zikiwa nne, wekeni viota vinane, vyote kwa kimo kimoja. Ndege hupenda kutagia juu, na kiota kimoja kikizidi vingine kwa urefu, vita vitaanzia hapo.

Hodi tena! Wa nne ni kasuku mdogo, naye wa Australia, kijani na manjano, mwenye kelele na mzaha. John Gould, mtaalamu wa ndege, ndiye aliyemleta Uingereza akiwa hai mwaka 1840. Mnataka tumfungulie? Mtazameni mdomo kwanza. Wa finchi na wa kanari umenyooka na kuchongoka, kazi yake kupasua mbegu. Wa huyu umepinda. Kwa mdomo huo anapanda wayani, anatafuna mbao, na finchi akisogea karibu naye anaweza kumkata mguu, pengine bila hata kukusudia ubaya. Hatumfukuzi. Tunamjengea banda lake la pili, na waya wa katikati uwe wa tabaka mbili zilizoachana ili mdomo usifike mguu.

Wa tano ni wa nyumbani. Ni cherero: mwili wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, duara jeupe kuzunguka jicho. Kwao ni kaskazini mwa Tanzania, Serengeti na nchi iliyo kusini ya Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1980 walinaswa kwa maelfu wakapakiwa kwenye ndege kwenda kuuzwa ng'ambo, mpaka porini wakapungua sana. Mwaka 2016 Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Wengine walifika mahali ambapo hapakuwa kwao: kule Naivasha, Kenya, wazao wa cherero waliotoroka au kuachiliwa wamechanganyika na cherero wa shingo ya manjano, hata huwezi kusema huyu ni nani.

Huyu hatumfungulii. Kwanza ni mgomvi, atawaumiza wadogo. Pili, Kenya na Tanzania ndege wa porini analindwa na sheria za wanyamapori, na kumnasa au kumfuga bila kibali ni kosa. Na finchi na kanari wetu wamezaliwa bandani, kama wazazi wao na mababu zao, hawajui mwitu. Aliyenaswa kwa ulimbo anaujua, na ataugonga waya mpaka paji la uso litoke damu.

Jambo la mwisho ni adabu ya kupokea wageni. Mtu akija kwetu tunamkaribisha ndani papo hapo. Ndege mpya hapana: akae pekee, mbali na wenzake, mwezi mzima, tuone kama ana utitiri, anahara au anahema kwa shida. Mmoja mgonjwa anaweza kulimaliza banda zima.

Siku mtakapokwenda sokoni na hela yenu, msianze kuuliza bei. Muulizeni muuzaji: amezaliwa bandani au amenaswa? Anakula nini? Analala wapi? Anagombana na nani? Akibabaika kwenye hayo matatu ya mwisho, mnaweza kumfundisha, sasa mnajua. Akibabaika kwenye la kwanza, mwageni, mrudi nyumbani na hela yenu.