Njooni Kesho, Bado Kuna Joto

Shangazi alinipigia simu usiku kuniambia kwamba siku yake ikifika asizikwe. Alitafuta neno la kumalizia, akalikosa. "Nataka ile ya Wangari," akasema, kisha akakata simu.

Nilimwelewa. Oktoba 2011 wengi wetu tulilitazama jeneza la Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa miti, kwa mshangao: mianzi, mafunjo na gugumaji, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Kutoka Uhuru Park akapelekwa kwenye tanuri la maiti la Kariokor. Kilichoninyima usingizi ni lile neno alilolikosa shangazi. Kwetu kuchoma ni mahindi, ni nyama, ni takataka. Mtaani ni mshukiwa aliyevishwa tairi. Nani atamweka mama yake katika kundi hilo? Nalo "kuteketeza" la magazetini ni la bangi iliyonaswa na polisi.

Nikaenda kumwona mhudumu wa tanuri jijini Nairobi, mzee aliyeniomba nisimtaje jina. Yeye hachomi wala hateketezi. "Saa nne nampeleka mama mmoja," aliniambia, na siku nzima neno lake lilibaki hilo: kumpeleka.

Kabla ya kumpeleka mtu hukagua vibali, kisha huuliza familia kama marehemu alikuwa na kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Betri yake hulipuka motoni, hivyo hutolewa mochari. Tanuri hufika nyuzi 800 hadi 1,000, na baada ya saa mbili hivi kazi ya moto imekwisha.

"Watu wanadhani ni jivu kama la jikoni," alisema. "Hapana, dada. Mengine yote yamekwenda na moshi. Mnachopewa ni mifupa."

Hutoka myeupe, mikavu, imevunjikavunjika, ingawa kipande cha paja bado unakitambua. Huivuta kwa reki ndefu hadi kwenye trei, akaiacha ipoe, akapitisha sumaku kuokota misumari ya jeneza. Vyuma vya nyonga huvitoa kwa mkono. Halafu huinama na tochi kufagia pembe za tanuri kwa brashi ndogo, mara tatu, "huyu asichanganyike na yule." Alinionyesha hiyo brashi. Nywele zake zimelika upande mmoja, upande anaouegemezea ukutani. Niliishika muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Ni baada ya hapo tu ndipo mashine husaga. Kinachobaki ni kilo mbili hadi tatu, pakiti ya unga wa ugali na zaidi kidogo. Watu hunyoosha mkono mmoja kupokea, aliniambia, uzito ukawashtua, wakaleta wa pili. Wanaotaka kuondoka nacho jioni hiyohiyo huwakatalia. "Nawaambia njooni kesho, bado kuna joto. Chombo kikiwa na joto mapajani, mtu atalia kwenye matatu hadi nyumbani."

Wazee humwuliza swali moja: tutasimama wapi? Hana jibu. Kaburi la nyumbani huonyesha shamba ni la nani, na mjukuu huambiwa babu yako yuko pale chini ya mwembe. Kanisa Katoliki liliruhusu njia hii ya moto mwaka 1963, lakini mwaka 2016 Vatican ilisisitiza kwamba mabaki yawekwe mahali patakatifu, yasimwagwe wala yasikae kabatini. Kwa Mwislamu mlango umefungwa. Kwa Mhindu ndiyo desturi yenyewe.

Na anayeamua ni nani? Hatujaisahau kesi ya mwili wa wakili S.M. Otieno. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Ngong. Mahakama ikaupa ukoo wa marehemu, Umira Kager, ushindi, akazikwa kijijini kwao Nyalgunga Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa. Maiti si mali ya kurithishwa kwa wosia. Jaji atasikiliza marehemu alitaka nini, lakini halazimiki kukifuata. Mwaka 2019 mvutano kuhusu mwili wa mbunge Ken Okoth nao ulifika kortini kabla haujapelekwa Kariokor.

Aliyezikwa pasipofaa anaweza kufukuliwa. Moto hauna rufaa. Ndiyo maana mzee akisikia ndugu wakibishana nje, hawashi. Hulirudisha jeneza mochari na kuwaambia wakaelewane kwanza.

Nilipomweleza habari za shangazi alinyamaza, akapangusa trei.

"Asiandike tu," akasema. "Barua hufunguliwa matanga yamekwisha. Aseme mwenyewe, mbele ya wale watakaokataa."

Shangazi hakuolewa. Baba mkubwa alikwisha kumtengea nafasi nyumbani, kando ya kaburi la nyanya, na kila Krismasi hupafyeka pasiote magugu. Hajui lolote. Nilipompelekea shangazi ushauri wa mzee, alikubali kuja kwenye mkutano wa familia Desemba, kwa sharti kwamba mimi ndiye nitakayeanza kulisema neno lenyewe.

Nimejaribu "kumpeleka". Baba mkubwa atauliza, wapi?