Nero hakuwa na fidla

Naomba mwaka huu uishe bila mtu kuniuliza tena kama ni kweli Kaisari Nero alipiga fidla huku Roma ikiteketea. Swali hili naletewa na wanafunzi, na waandishi wa safu za siasa, na zaidi na watu waliokwisha kujijibu. Hao hawaulizi ili wajue, wanatafuta wa kuwaunga mkono. Bei ya unga ikipanda kidogo tu, utaona gazeti fulani limemfufua Nero na fidla yake.

Fidla ilianza kutengenezwa Italia katika karne ya 16. Nero alijiua mwaka 68. Ala aliyoipenda ni kithara, yenye nyuzi za kudonolewa, na kwa umbo inakaribiana zaidi na nyatiti ya Waluo kuliko fidla ya kwenye taarabu. Kosa hilo ni dogo, na watu hulikubali upesi: “Haya, basi alipiga kithara.” Hapo ndipo ninapochoka. Wamebadilisha ala, uvumi wenyewe wameuacha vilevile.

Moto ulianza usiku wa kuamkia Julai 19, mwaka 64, katika maduka yaliyojaa bidhaa za kushika moto haraka, ubavuni mwa Circus Maximus, uwanja wa mashindano ya magari ya farasi. Upepo ukaubeba. Uliwaka siku sita, ukadhaniwa umekwisha, ukazuka tena kwingine. Kati ya mitaa mikuu 14 ya jiji, iliyosalimika ni 4 tu, na 3 ilibaki majivu matupu. Nero hakuwapo. Alikuwa Antium, mji wa pwani ulio kilomita 50 hivi kutoka Roma, na alirudi pale moto ulipoikaribia nyumba yake.

Sasa tuwaite mashahidi. Wanaotegemewa ni watatu. Tacitus alikuwa mtoto wa miaka kama 8 moto ulipowaka, na aliandika baada ya zaidi ya nusu karne. Suetonius hakuwa hata amezaliwa. Cassius Dio aliandika katika karne ya 3. Tacitus anasema ulienea uvumi kwamba Nero alipanda kwenye jukwaa la nyumbani kwake akaimba maangamizi ya mji wa Troy. Uvumi, ndivyo anavyosema mwenyewe, tena baada ya kukiri kwamba haijulikani kama moto ulikuwa ajali au hila ya mtawala. Kwa Suetonius neno uvumi limekwisha kuyeyuka: Nero yuko juu ya mnara wa Maecenas, kavaa mavazi yake ya jukwaani. Kwa Dio yuko juu ya paa la ikulu, katika vazi la mpiga kithara, na Dio huyohuyo, palepale, anatuambia kilima chote cha Palatine kiliungua. Yaani mtu anaimba juu ya paa katika kilima kinachowaka! Kadiri mwandishi alivyokuwa mbali na moto, ndivyo alivyojua vizuri zaidi Nero alisimama wapi na alivaa nini. Hakimu gani wa mahakama ya mwanzo angeupokea ushahidi wa namna hii?

Sura ileile ya Tacitus iliyobeba uvumi huo ina mambo ambayo wapenzi wa fidla huyaruka. Nero aliwafungulia waliounguliwa uwanja wa Campus Martius na bustani zake mwenyewe, akajenga mabanda ya muda, akaleta chakula kutoka bandari ya Ostia, akashusha bei ya nafaka hadi sesterti 3 kwa kipimo. Baadaye zikatoka kanuni za ujenzi: barabara pana, ukomo wa urefu wa majengo, na kila nyumba iwe na kuta zake. Tacitus hakumpenda Nero hata kidogo, kwa hiyo sifa ikimtoka huyo ina uzito.

Mbona uvumi ulishika, basi? Kwa sababu Nero alikuwa mwimbaji kweli. Mwaka huohuo wa 64 alikwisha kupanda jukwaani hadharani mjini Naples, na waungwana wa Roma waliona aibu. Kwa sababu juu ya viwanja vilivyoungua alijijengea Domus Aurea, jumba la fahari lenye ziwa lake. Na kwa sababu waliotwaa kiti baada yake, ukoo wa Vespasian, walifaidika kila alipoonekana mbaya. Colosseum waliijenga palepale lilipokuwa ziwa lile.

Nikifika hapa, linakuja swali la pili, baya kuliko la kwanza: “Kwa hiyo Nero alisingiziwa, alikuwa mtu mwema?” Jamani! Mama yake, Agrippina, aliuawa kwa amri yake mwaka 59. Mkewe Octavia aliuawa mwaka 62. Wakristo wa Roma walibebeshwa lawama ya moto ule, na Tacitus anaeleza walivyoraruliwa na mbwa, walivyosulubiwa, na walivyochomwa usiku kuwa taa. Hata shtaka la kuuchoma mji halijafutika, maana mwandishi Pliny Mkubwa, aliyekuwa mtu mzima wakati huo, aliamini Nero ndiye aliyeuwasha. Nisichokikubali ni huo muziki.

Mengine kwa mkupuo. Farasi wa Kaisari Caligula hakuwahi kuwa konsuli. Suetonius na Dio wanazungumzia nia tu. Roma haikuangushwa na sumu ya mabomba ya maji ya risasi. Maji yalitiririka bila kukoma na chokaa ilitanda ndani ya mabomba, hivyo risasi haikupata nafasi ya kuyatia maji sumu kiasi hicho. Ukitaka kumhukumu Kaisari yeyote, soma wasimulizi wake wote kwa pamoja, uliza kila mmoja alizaliwa lini na alikula kwa nani, weka kila “inasemekana” pembeni, kisha tazama sarafu na maandishi ya kwenye mawe. Kwa Nero, anza na Annales ya Tacitus, kitabu cha 15, sura ya 38 hadi 44. Ni jioni moja. Walimu, ondoeni swali la fidla kwenye chemsha bongo. Waandishi wa safu, tafuteni mfano mwingine.

Na kama ni lazima tumzungumze Nero, tuzungumze askari aliowatuma kutafuta chanzo cha mto Nile. Mwanafalsafa Seneca anasema aliwasikia maakida wawili waliorudi, wakieleza mabwawa yaliyosongwa na magugu kiasi kwamba hapapiti ila mtumbwi wa mtu mmoja. Wengi wetu tunaona hayo ni mabwawa ya Sudd, Sudan Kusini. Wapo wanaodai walifika hadi maporomoko ya Murchison, Uganda. Mimi siamini, na niko tayari kubishana.